Milisekunde za Winchi: Kukadiria Muda Kabla ya Kuandika Programu

Fundi anayepewa kazi ya kutengeneza kidhibiti cha mashine ana swali moja la kujibu kwa tarakimu kabla hajaandika mstari wa kwanza wa programu: tangu jambo litokee mpaka mashine iitikie, utapita muda gani siku ambayo kila kitu kimeharibika kwa wakati mmoja? Wengi hulijibu baada ya mashine kufungwa, kwa kuiwasha na kuitazama. Ikiitikia upesi mara kadhaa mfululizo wanaridhika, wanachukua malipo, wanaondoka. Makala haya nawaandikia mafundi hao, na hasa vijana wa Shinyanga, Kahama na Geita wanaoombwa na wenye maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, wawafungie sensa, bodi na programu kwenye winchi zao.

Nimechagua winchi kwa sababu wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu wanaijua, na kwa sababu kosa lake halijifichi. Ndoo ya mawe inapanda. Opereta amegeuza shingo. Sensa iliyofungwa chini ya kapi inatakiwa iione ndoo, bodi iamue, umeme ukatwe, breki ishike. Ndoo ikilifikia kapi kabla ya hayo kutimia, kamba inaweza kukatika, na chini ya kamba kuna watu. Mfumo wa kulipia maji ukichelewa sekunde 3, mteja anakunja uso tu. Kwenye winchi, jibu sahihi lililochelewa ni sawa na kutojibu kabisa.

Hesabu ianzie kwenye kamba. Chukua futi kamba, pima nafasi iliyopo kati ya sensa na kapi, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka ufike kwenye programu. Tuseme nafasi hiyo ni mita 2, na ndoo inapanda kwa mita 1.5 kwa sekunde. Breki ikishashika, winchi inapunguza mwendo kwa mita 1.5 kwa sekunde katika kila sekunde. Kanuni tuliyofundishwa shuleni, mwendo kipeo cha pili ugawe kwa mara mbili ya upunguzaji, inatupa sentimita 75 za kusimama. Hizo si mali yako tena, zimeshachukuliwa na chuma. Kinachobaki, mita 1.25, ndicho cha kugawana kati ya sensa, programu, rilei, na ile subira ya breki kabla haijaanza kushika. Najua uzito wa mawe wenyewe husaidia kuvuta ndoo chini umeme ukikatika. Usiuhesabu. Siku ndoo inapopanda tupu, msaada huo karibu haupo.

Sasa tupite kwenye mnyororo. Sensa inasomwa kila milisekunde 10, na kwa sababu ya vumbi na mtikisiko wa mashine tunataka usomaji wa mara tatu ufanane kabla ya kuamini kwamba ndoo kweli imefika. Hapa ndipo wengi huandika “milisekunde 20 hadi 30” na kuendelea. Tulia kidogo. Ndoo inaweza kupita mbele ya sensa mara tu baada ya bodi kumaliza kusoma. Hapo unasubiri 10 nzima ndipo usomaji wa kwanza uione, kisha 20 kwa mara mbili zinazofuata, kisha 2 za kazi yenyewe. Jumla 32. Uamuzi unafanywa na sehemu nyingine ya programu inayoamka kila milisekunde 50, na yenyewe inaweza kuwa ndiyo kwanza imelala. Andika 50 za kusubiri, na 16 za kufanya kazi huku ikikatizwa na wengine; hiyo 16 nitaeleza ilikotoka. Rilei na kontakta, weka 60. Breki, weka 250. Jumla yote ni milisekunde 408. Zidisha kwa mwendo: sentimita 61. Ongeza 75 za kusimama, unapata mita 1.36.

Linganisha na mtu anayepima kwa wastani. Yeye atakuta sensa inachukua 27, uamuzi 38, rilei 35, breki 170, jumla 270, na ndoo inasafiri sentimita 40 kabla ya kuanza kusimama. Tofauti kati yake na wewe ni sentimita 20 hivi. Atasema unatia chumvi. Mwambie winchi hupanda na kushuka kutwa nzima, mwezi baada ya mwezi, na kwa wingi huo ile bahati mbaya ya kila hatua kukutana na nyingine itafika siku moja bila kuitwa.

Rilei na breki nimezitaja haraka, lakini ndizo zilizokula milisekunde 310 kati ya 408, kwa hiyo nizirudie. Ile diodi ndogo tunayoiweka sambamba na koili ya rilei ili kulinda transista huifanya rilei ichelewe kuachia, kwa sababu mkondo unaendelea kuzunguka ndani ya koili baada ya transista kufunga. Ukiweka diodi ya zena mfululizo nayo, mkondo unakufa upesi zaidi. Breki za springi, zile zinazoshika umeme unapokatika, mara nyingi zina koili ya DC inayolishwa kupitia rektifaya. Ukikata umeme upande wa AC, kabla ya rektifaya, breki inasitasita. Ukiukata upande wa DC, inashika mapema. Fundi anayehangaika wiki nzima kupunguza milisekunde 3 kwenye programu angeweza kupata makumi kwa kuhamisha waya mmoja. Ndiyo maana nasisitiza mnyororo mzima uandikwe kwenye karatasi moja. Ukitazama kompyuta peke yake utapoteza jasho lako mahali pasipo na faida.

Turudi kwenye ile 16. Programu yetu ina kazi tatu. Ya kwanza husoma sensa kila milisekunde 10 na hutumia 2 inapozidiwa. Ya pili huamua kila 50 na hutumia 12. Ya tatu, ile ya kuonyesha kwenye skrini na kuandika kumbukumbu, huamka kila 200 na hutumia 60. Ukigawa kila moja matumizi yake kwa kipindi chake unapata asilimia 20, 24 na 30, jumla 74. Mwaka 1973 watafiti Liu na Layland walichapisha hesabu ambayo mpaka leo ni chombo cha kwanza cha mbunifu. Kazi yenye kipindi kifupi ikipewa kipaumbele cha juu, na kila kazi ikiwa na ukomo, yaani muda wa mwisho wa kumaliza, ulio sawa na kipindi chake, basi kazi tatu zitawahi daima ikiwa jumla ya matumizi haizidi asilimia 78. Kazi zikiwa nyingi sana, kikomo hushuka hadi karibu 69. Sisi tuna 74, tumepita.

Lakini kupita si kujua utamaliza lini, na sisi tunahitaji tarakimu ya kuweka kwenye mnyororo. Fanya hivi. Kazi ya pili ina 12 zake. Ndani ya milisekunde 12, kazi ya kwanza inaweza kuingia mara 2, kila mara ikila 2, jumla 16. Ndani ya 16 bado inaingia mara 2 tu, kwa hiyo hesabu imetulia: 16. Ya tatu ifanyie vilevile, ukiongeza uingiaji wa zote mbili zilizo juu yake. Inaanza na 60, inakuwa 96, kisha 104, kisha 118, kisha 120, inatulia hapo. Ukomo wake ni 200, kwa hiyo iko salama. Hesabu hii inafanyika kwa kalamu, umekaa kivulini, kabla hujanunua bodi.

Tarakimu za 2, 12 na 60 zinatoka wapi wakati programu haijaandikwa? Zinatoka kwenye makadirio ambayo baadaye yanageuka kuwa sheria. Bodi yenye mikrokontrola ya ATmega328 inayokwenda kwa megahezi 16 hufanya mzunguko mmoja kila nanosekunde 62.5, kwa hiyo milisekunde 2 ni mizunguko 32,000. Orodhesha kitakachofanywa: kusoma mara ngapi, kulinganisha mara ngapi, kugawanya kwa namba zenye desimali mara ngapi. Chipu hiyo haina kitengo cha hesabu za desimali, na mgawanyo mmoja tu unakula mamia ya mizunguko. Kisha andika kiunzi cha programu, kazi tatu tupu ambazo ndani yake zina vitanzi vya kupoteza muda kwa kiasi ulichokadiria, uviendeshe kwenye bodi halisi uone kama mpangilio unasimama. Kadiri unavyoandika sehemu za kweli, ondoa kitanzi kimoja weka msimbo wake. Msimbo ukizidi fungu lake, unajua siku hiyohiyo ni upi uliozidi, na hujafika bado kwenye duara la mtu.

Sasa tatizo. Hesabu ya Liu na Layland inadhani kazi hazisubiriani. Tuseme kadi ya kumbukumbu na sensa ya uzito vinatumia njia moja ya data, na kazi ya tatu inaishikilia njia hiyo kwa kufuli milisekunde 40 inapoandika kwenye kadi. Kazi ya pili, inayohitaji uzito wa ndoo ili iamue, italazimika kungoja. Rudia hesabu: 40 za kungoja, 12 zake, na uingiaji wa kazi ya kwanza, inatulia kwenye 66. Ukomo ulikuwa 50. Winchi ile ile, bodi ile ile, asilimia 74 ile ile, na sasa uamuzi unachelewa mpaka zamu yake inayofuata imeshafika. Dawa ni kuigawa kazi ya kuandika iwe vipande vidogo, kila kimoja kishike kufuli kwa milisekunde 5, au kuipa kadi njia yake yenyewe.

Kungoja kunaweza kuwa kubaya kuliko hapo. Julai 1997 chombo cha Mars Pathfinder kilitua kwenye sayari ya Mirihi, na baada ya siku chache kompyuta yake ikaanza kujiwasha upya yenyewe. Kazi ndogo ya kukusanya taarifa za hali ya hewa ilikuwa imeshika kufuli. Kazi kubwa iliyosimamia njia ya data ikawa inalingojea. Katikati zikaingia kazi nyingine zenye kipaumbele cha kati ambazo hazikuhusika na kufuli hilo, zikaizuia ile ndogo isimalize. Mkubwa akawa anamsubiri mdogo ambaye hapewi nafasi. Wahandisi walipata dawa wakiwa Duniani: waliwasha kipengele kinachompa mwenye kufuli kipaumbele cha anayelisubiri, mpaka aliachie. Ukitumia mfumo wa kuendeshea kazi wa FreeRTOS, kama wengi wanaotumia bodi za bei nafuu, fahamu kwamba aina ya kufuli iitwayo myuteksi inakuja na kipengele hicho, ila semafo ya kawaida haina. Wengi huzitumia kama kitu kimoja.

Kuna jambo linalonisumbua kuliko yote haya, nalo linahusu simu. Mwenye duara yuko mjini, anataka meseji kila winchi inapofanya kazi. Fundi anachukua moduli ya simu, anaweka maktaba aliyoipata bure, na ndani ya kitanzi kile kile kinachosoma sensa anaandika amri ya kutuma meseji. Mtandao ukiwa mzuri, amri inarudi upesi. Mtandao ukiyumba, maktaba nyingi hukaa kimya zikisubiri jibu la modemu, sekunde moja, tatu, hata kumi. Sekunde 3 kwa mwendo wa mita 1.5 ni mita 4.5 ambazo ndoo inapanda huku hakuna anayeitazama. Nafasi yetu ilikuwa mita 2. Hakuna hesabu ya milisekunde inayoweza kuuokoa mpangilio huo. Kazi yoyote inayotegemea kitu cha nje, iwe mtandao, kadi, au skrini ya mbali, itenganishwe kabisa na mlinzi wa ndoo: ipewe kipaumbele cha chini, au bora zaidi, ipewe bodi yake ya pili inayopokea taarifa kwa waya mmoja bila haki ya kumchelewesha mtu. Bodi ya pili ni gharama ndogo mno ukiilinganisha na kinachoning'inia kwenye kamba.

Waya uliolegea nao una namna yake ya kula muda. Sensa ukiiunganisha kama kikatizo, kila pigo linaisimamisha programu ili lihudumiwe. Waya unaotikiswa na injini ya dizeli unaweza kutoa mapigo maelfu kwa sekunde, na bodi ikashinda inahudumia uongo huo, isiamue lolote. Ukisoma kwa vipindi, kama tulivyofanya hapa, waya ukichezacheza haubadilishi hesabu yako: ni milisekunde 2 kila 10, utulie au usitulie.

Mashine ikishajengwa, pima. Njia rahisi na ya kuaminika ni kuinua pini moja ya bodi kazi inapoanza na kuishusha inapomaliza, kisha kuitazama kwa osiloskopu. Usiangalie wastani, acha kifaa kihifadhi pigo refu kuliko yote. Na usipimie mezani peke yake. Nenda na mashine mahali itakapofanya kazi, jua la saa nane, jenereta likiwa limebeba na karasha ya jirani, volti zikiyumba kila jiwe kubwa linapoingia. Mwagia maji kwenye breki, kwa kuwa masika yatafika. Paka sensa tope. Chomoa antena ya modemu. Jaza kadi ya kumbukumbu mpaka ikatae. Kisha chukua namba kubwa uliyoipata na ukumbuke kwamba ni kubwa uliyoiona tu, hakuna aliyekuahidi kwamba ndiyo kubwa iliyopo. Ongeza akiba. Kwa kazi kama hii mimi naongeza theluthi moja hivi: mita 1.36 inakuwa mita 1.8, na tunabaki ndani ya mita 2.

Kwa sababu hiyo hiyo napendelea chipu ndogo zinazotabirika. Prosesa kubwa za aina ya simu zina kasi ya kuvutia, lakini zina kumbukumbu ya akiba inayofanya mstari ule ule wa programu ukimbie leo na kujivuta kesho, na lugha zinazojisafishia kumbukumbu zinaweza kusimama bila kutarajiwa ili zifanye usafi. Ziweke kwenye skrini na ripoti.

Saa yenyewe pia inahitaji kuangaliwa. Kihesabu cha milisekunde cha biti 32 hujaa na kuanza tena sifuri baada ya siku 49 na saa 17. Programu inayouliza “je, sasa ni zaidi ya muda wa mwisho?” itadanganyika siku hiyo, lakini inayotoa muda wa kuanzia kutoka muda wa sasa, kwa namba zisizo na alama ya hasi, haitadanganyika. Yaliyotokea Dhahran, Saudi Arabia, tarehe 25 Februari 1991 yanatosha kumfanya mtu asidharau jambo hili. Mtambo wa Patriot wa kudungua makombora ulikuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100 bila kuzimwa. Ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na moja ya kumi haiandikiki kamili kwa mfumo wa biti; kosa dogo likajikusanya mpaka likafika theluthi ya sekunde. Kwa kasi ya kombora, hiyo ni zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ukatafuta pasipo na kitu, na askari 28 wakafa kambini. Waliopima kwa saa chache tu wasingeweza kuliona kosa lile, kwa hiyo jaribio lako la mwisho liiache winchi iwake kwa muda mrefu kuliko itakavyowashwa na mteja.

Hata ukifanya yote haya, programu isiwe mlinzi pekee. Juu ya sensa ya programu, funga swichi ya mwisho inayokata koili ya kontakta moja kwa moja, bila kupitia bodi. Washa kipima-mlinzi cha chipu, kile kinachoiwasha upya bodi isipopata ishara, na hakikisha kwamba wakati bodi inapojiwasha pini zake ziko katika hali inayoiacha breki imeshika. Muda wa kujiwasha nao uandikwe. Swichi hiyo ya waya ina hesabu yake pia: inaondoa milisekunde 98 za sensa na uamuzi, inabaki na 310, kwa hiyo ndoo ikiifikia kwa mwendo kamili itakwenda sentimita 47 na nyingine 75. Ifunge chini ya kapi kwa zaidi ya mita 1.22, na theluthi yako juu yake: mita 1.65 inatosha.

Karatasi ya mnyororo isikae kwenye simu yako. Ichapishe, iweke ndani ya kabati la umeme, na mpe nakala mwenye duara, maana mkaguzi wa migodi akifika ataonyeshwa kitu kinachosomeka. Atakayebadilisha breki baada yako ataona kwamba ile aliyoitoa ilipewa milisekunde 250 na atalazimika kujiuliza kama mpya inatimiza.

Na kuna siku mwenye duara atapiga simu akisema amepata mota kubwa zaidi na anataka ndoo ipande kwa mita 2.5 kwa sekunde ili mawe yatoke mengi. Programu haihitaji kuguswa, atakwambia, ni mota tu. Fungua karatasi. Milisekunde 408 kwa mwendo huo ni mita 1.02. Kusimama, breki ikiwa ile ile, ni mita 2.08. Jumla mita 3.10, na akiba juu yake inapita mita 4, ilhali kati ya sensa na kapi kuna mita 2. Mwambie namba hizo kama zilivyo: ama nguzo ya kapi inainuliwa na sensa inashushwa, ama breki kubwa inanunuliwa na hesabu yake inafanywa upya, ama mota hiyo haifungwi.